Kilipo Hasa: Safari ya Kulipima Shimo Jeusi la Njia Nyeupe

Anayesoma leo kwamba katikati ya galaksi yetu kuna shimo jeusi lenye masi ya Jua mara milioni 4.3 hupewa jibu bila kuoneshwa jasho lake. Kazi hiyo ilichukua karibu miaka 90, tangu antena ya Karl Jansky kule New Jersey hadi picha ya Mei 2022. Sehemu kubwa ya jasho ilimwagika kwenye swali linaloonekana dogo: kitu chenyewe kiko wapi hasa? Wengi waliokwama, walikwama hapo. Na wewe ukitaka kuifuata hesabu hii mwenyewe, uwe mwanafunzi, mwalimu wa fizikia au mpenzi wa anga mwenye kompyuta tu, utakwama palepale usipoambiwa mapema.

Tuanze na anga lenyewe, kwa kuwa sisi wa Afrika Mashariki tuna bahati ambayo darubini nyingi kubwa za kaskazini hazina. Kitovu cha Njia Nyeupe kiko kwenye kundinyota la Kausi, ambalo vitabu vingine huliita Mshale, digrii 29 kusini ya ikweta ya anga. Katikati ya Julai, kwenye saa nne na nusu usiku, mtu aliyeko Dar es Salaam anakiona kikipita upande wa kusini, digrii 68 juu ya upeo. Darubini za Keck zilizoko Hawaii hazikipati juu ya digrii 41 hata kikiwa kimepanda kabisa, kwa hiyo nuru yake huzifikia ikiwa imepita kwenye hewa nene zaidi. Tafuta nyota za Kausi zinazochora birika la chai. Pima kiasi cha digrii nne na nusu magharibi ya mdomo wa birika, yaani upana wa vidole vitatu ukinyoosha mkono. Ni hapo. Hutaona kitu isipokuwa ukungu wa nyota na mabaka meusi ya vumbi, na mabaka hayo ndiyo kikwazo cha kwanza.

Kabla ya vumbi, kuna Jansky. Mwaka 1931 alikuwa akifanya kazi Bell Labs, maabara za utafiti za kampuni ya simu ya Marekani, akitafuta chanzo cha mikwaruzo iliyosumbua simu za redio za kuvuka Atlantiki. Aliikuta sauti ya kuchemka iliyokuja na kuondoka kila siku, na mwanzoni ilielekea kutoka kwenye Jua. Kosa hilo lina sababu nzuri sana: kila Desemba Jua hupita kwenye Kausi, kwa hiyo mwelekeo wa Jua na mwelekeo wa kitovu cha galaksi hulingana. Miezi ilipopita, sauti na Jua vikaachana. Sauti ilijirudia kila baada ya saa 23 na dakika 56, na huo ni mzunguko wa nyota, si wa Jua. Alipotangaza mwaka 1933 alikuwa na data za mwaka mzima. Angekata shauri kwa data za Desemba na Januari peke yake, angelisingizia Jua. Kwa kazi yoyote ya kitovu cha galaksi, usiamini mwelekeo uliopimwa msimu mmoja tu. Na ukumbuke kwamba kuanzia mwishoni mwa Novemba hadi Januari Jua liko njiani, darubini za nuru haziwezi kuangalia huko, na pengo hilo litakuwemo kwenye kila jedwali la data utakalopakua.

Sasa vumbi. Kati yetu na kitovu, umbali wa karibu miaka ya nuru 27,000, kuna vumbi la kutosha kufifisha nuru inayoonekana kwa macho kwa kiasi cha magnitudo 30, kipimo cha wanaanga cha mwangaza: katika chembe trilioni moja za nuru zinazoondoka kule, moja ndiyo hufika. Kwenye infraredi, nuru ya mawimbi marefu ambayo macho hayaioni, ya mikromita 2.2, hasara hushuka hadi karibu magnitudo 2.5, yaani moja katika kumi hupita. Ndiyo maana Eric Becklin na Gerry Neugebauer waliweza kukiona kitovu kwa infraredi katika miaka ya 1960 wakati darubini za kawaida hazikuona chochote. Mawimbi ya redio hupita bila shida. Februari 1974 Bruce Balick na Robert Brown walitumia antena za Green Bank, West Virginia, wakapata nukta ya redio iliyobanana mno, ambayo baadaye Brown aliipa jina Sagittarius A*, husomwa "A nyota". Donald Lynden-Bell na Martin Rees walikuwa wameandika tangu 1971 kwamba kitu cha namna hiyo kitafutwe.

Mwishoni mwa miaka ya 1970 kundi la Charles Townes huko Berkeley lilipima kasi ya gesi karibu na kitovu kwa kutumia mstari wa neoni wa mikromita 12.8, yaani urefu mmoja maalumu wa wimbi ambao gesi hiyo hutoa. Gesi ilikuwa ikienda mamia ya kilomita kwa sekunde, na hesabu ikatoa masi ya Jua mara milioni kadhaa. Jibu lilikuwa karibu na ukweli, na bado wengi hawakulikubali. Hawakuwa wakaidi. Gesi husukumwa na pepo za nyota, na milipuko, na usumaku. Kasi yake haikuambii moja kwa moja ni mvutano kiasi gani unaoivuta. Nyota haisukumwi na upepo. Kuanzia hapo ikawa wazi kwamba lazima zipimwe nyota, tena moja moja.

Hapo ndipo gharama ilipopanda. Angahewa huitetemesha picha ya nyota mara kadhaa ndani ya sekunde moja, ikaipanua hadi nusu sekunde ya tao au zaidi. (Sekunde moja ya tao ni upana wa sarafu ya sentimita 2.5 ukiitazama kutoka kilomita 5.) Nyota zilizotakiwa zilikuwa zimebanana ndani ya nafasi hiyohiyo. Kundi la Reinhard Genzel na Andreas Eckart lilianza mwaka 1992 kwa darubini ya mita 3.5 iliyoko La Silla, Chile. Andrea Ghez na wenzake wakaanza 1995 kwa Keck ya mita 10. Njia ilikuwa moja: piga picha fupi za kiasi cha sehemu ya kumi ya sekunde, maelfu kwa maelfu, kila moja ikiukamata mtetemo mmoja ukiwa umeganda, kisha zipange zote kwa kufuata doa angavu kuliko yote na uzijumlishe. Ombi la kwanza la Ghez la kutumia Keck lilikataliwa kwa kuwa waamuzi hawakuamini njia hiyo ingefanya kazi. Akaomba tena.

Ubaya wa picha fupi ni kwamba nuru nyingi hupotea kwenye kelele za kamera, hivyo nyota hafifu hazionekani na spektra, yaani kuitawanya nuru kwa rangi zake ili kusoma kasi ya nyota, haiwezekani. Kufikia 1997 na 1998 makundi yote mawili yalikuwa na mwendo wa nyota nyingi ukionekana kama mistari mifupi iliyonyooka, na yakatoa jibu la karibu milioni 2.6, kundi la Ghez likiandika kosa, yaani kiasi ambacho jibu linaweza kupotoka, la milioni 0.2. Ukilinganisha na 4.3 tunayoijua leo, ukweli ulikuwa nje kabisa ya mipaka iliyoandikwa. Hakuna aliyepima vibaya. Kasi ya nyota ambayo hujui iko mbele au nyuma ya kitovu hugeuzwa kuwa masi kwa kukisia nyota zimetawanyikaje, na kisio hilo halikuingizwa kwenye kosa kikamilifu. Ukiona namba yenye kosa dogo la kupendeza, uliza kwanza nini kimekisiwa kabla ya kuhesabiwa. Naliona hilo kuwa funzo lenye thamani kuliko yote ya muongo ule.

Na palikuwa na shida kubwa kuliko hiyo, ambayo maelezo mengi ya jumla huiruka. Picha za infraredi zinaonesha nyota lakini hazikuonesha Sagittarius A*. Ramani za redio zinaonesha Sagittarius A* lakini hazioneshi nyota hizo. Utaziwekaje ramani mbili moja juu ya nyingine? Kwa miaka mingi kundi la nyota angavu liitwalo IRS 16 lilidhaniwa kuwa ndicho kitovu chenyewe. Liko pembeni kwa kiasi cha sekunde moja ya tao tu. Sekunde moja ni kidogo, ila njia nzima ya nyota iliyokuja kuamua shauri ni ndogo kuliko hapo.

Suluhisho lilitoka kwa nyota wazee. Majitu mekundu yanayokaribia kufa hupuliza magamba ya gesi, na ndani ya magamba hayo molekuli za oksidi ya silikoni hutoa miali ya redio yenye nguvu kwenye masafa ya karibu gigahezi 43. Nyota ya aina hiyo inaonekana kwenye redio na kwenye infraredi pia. Karl Menten, Mark Reid na wenzao walizitumia mwaka 1997 kama misumari: ukiwa na nyota kadhaa zinazoonekana kwenye ramani zote mbili, unaibandika moja juu ya nyingine. Sagittarius A* ikapata mahali pake kwenye picha za infraredi kwa uhakika wa sehemu 0.03 za sekunde ya tao, na miaka iliyofuata kosa likashuka hadi karibu sehemu moja ya elfu ya sekunde ya tao. Misumari yenyewe inatembea, kila nyota na mwendo wake, kwa hiyo lazima ipimwe upya mwaka baada ya mwaka. Ukiiacha miaka mitano, ramani inateleza na nyota zako zote zinapata kasi bandia ya pamoja. Ukikuta obiti ambayo kitovu chake kinaonekana kusogea polepole upande mmoja, shuku ramani kwanza.

Reid na Andreas Brunthaler walifanya kipimo kingine mwaka 2004 kwa antena za redio zilizosambaa Marekani nzima. Sagittarius A* inaonekana kusogea angani kwa sababu Jua letu linaizunguka galaksi. Ukiuondoa mwendo wa Jua, kinachobaki kwenye mwelekeo wa kutoka nje ya bapa la galaksi hakizidi kilomita moja hivi kwa sekunde, ilhali nyota za jirani zinakimbia mamia na maelfu. Ni kama tembo katikati ya nzi. Kitu chepesi kingesukwasukwa na nyota hizo. Utulivu wake unaonesha kwamba nukta hiyo ya redio yenyewe ina angalau masi ya Jua mara laki nne.

Mwaka 2002 ndio ulioleta jibu. Darubini ya mita 8.2 iliyoko Paranal, Chile, ilikuwa imefungwa kioo kinachojikunja na kujinyoosha mara nyingi kwa sekunde ili kuufuta mtetemo wa hewa. Kioo hicho kinahitaji nyota angavu ya kukiongoza. Kwenye nuru ya kawaida hakuna nyota kama hiyo karibu, kwa sababu ya vumbi. Waliotengeneza chombo kile waliweka kihisio cha infraredi, kikaweza kushikilia IRS 7, jitu jekundu lililoko sekunde 5.5 tu za tao kutoka Sagittarius A*. Uamuzi huo wa karakana ulifanywa miaka kadhaa kabla ya mtu kujua kwamba nyota iitwayo S2 ingepita karibu na kitovu majira yaleyale. Ilipita. Ikageuka mbele ya macho yao kwa umbali wa mara 120 ya umbali wa Dunia na Jua, saa 17 za mwendo wa nuru, na theluthi mbili za obiti yake zikawa zimeshachorwa.

Hesabu unaweza kuifanya leo jioni. Obiti ya S2 ina nusu ya mhimili mrefu ya sekunde za tao 0.125 na huchukua miaka 16.05. Zidisha 0.125 kwa umbali katika pasaki (pasaki moja ni karibu miaka ya nuru 3.26), 8,280, upate 1,035. Hicho ni kipimo cha obiti kwa umbali wa Dunia na Jua. Kipeo cha tatu cha 1,035 ni takriban bilioni 1.109. Kipeo cha pili cha 16.05 ni 257.6. Gawanya: milioni 4.3. Hayo ndiyo masi, kwa kipimo cha Jua.

Wanaokosea hapa hukosea kwa namna mbili. Kwanza, hupima duaradufu kwa rula kwenye picha. Obiti imeinama, kwa hiyo duaradufu unayoiona ni kivuli cha ile halisi, na utaona jambo la kutatanisha: shimo jeusi halikai kwenye fokasi ya mchoro, ile nukta ya ndani ya duaradufu ambako kitu kinachozungukwa hupaswa kuwa. Wengine huchukua hilo kuwa kosa la data wakaisogeza nukta ya kitovu. Usiisogeze. Tafuta mwinamo kwa kutumia kasi za spektra, zinazokuambia nyota inakuja au inakwenda, ndipo duaradufu itajipanga. Pili, husahau kwamba umbali umeingia kwa kipeo cha tatu. Weka pasaki 8,000 badala ya 8,280 na masi hushuka hadi milioni 3.88. Kosa la asilimia 3 na ushei kwenye umbali limekuwa zaidi ya asilimia 9 kwenye masi. Kabla ya kulinganisha namba za makundi mawili, angalia kila kundi limetumia umbali gani. Mara nyingi ugomvi wote uko hapo.

Data za 2002 zenyewe zina kasoro. Sagittarius A* hutoa miale ya infraredi inayopanda na kushuka, jambo lililoonekana wazi mwaka 2003. S2 ilipokuwa imeikaribia, nuru za viwili zilichanganyika na nafasi ya S2 ikavutwa pembeni kidogo. Wachambuzi wa baadaye walizipa nukta hizo uzito mdogo, ingawa zilikuwa za thamani kubwa kuliko zote. Nadhani walifanya vyema, hata kama inauma kusubiri miaka 16 mingine.

Walisubiri. Tarehe 19 Mei 2018 S2 ilipita tena, safari hii chombo kiitwacho GRAVITY kikiziunganisha darubini nne za mita 8.2 zifanye kazi kama moja yenye upana wa zaidi ya mita 100. Nyota ilifikia karibu kilomita 7,700 kwa sekunde, asilimia 2.5 ya kasi ya nuru. Kwenye spektra, mstari wa hidrojeni wa mikromita 2.17 ulisogea kuelekea wekundu kwa kilomita 200 kwa sekunde zaidi ya vile hesabu ya Newton inavyoruhusu, nusu ikitokana na mvutano na nusu na kasi yenyewe, sawasawa na Einstein. Tahadhari kwa atakayeshika spektra hizo: gesi ya eneo zima hutoa mstari huohuo wa hidrojeni. Usipoiondoa nuru ya gesi jirani kwa uangalifu, unapima kasi ya gesi ukidhani ni nyota. Kundi la Ghez lilithibitisha mwaka 2019 kwa data zao wenyewe, na mwaka 2020 GRAVITY wakaonesha kwamba obiti yenyewe inageuka polepole, dakika 12 za tao kila mzunguko.

Hata wao hawakusalimika. Umbali wao wa kwanza uliochapishwa mwaka 2019 ulikuwa pasaki 8,178. Baadaye wakagundua kwamba lenzi za ndani ya chombo hupinda nuru kidogo pale nyota isipokaa katikati ya uwanja, na S2 inapokuwa mbali na Sagittarius A* ndivyo inavyokaa. Mwaka 2021 walirekebisha: pasaki 8,275. Walichapisha kosa lao na namna ya kulifuta. Ukitumia namba za zamani bila kujua hili, utapata masi ndogo kuliko inavyopasa na utajilaumu bure.

Kitu kimoja hakikutokea, nacho kinafaa kusemwa. Wingu la gesi liitwalo G2 lilitabiriwa mwaka 2012 kupita karibu kabisa na shimo jeusi, na dunia nzima ya elimu ya anga ikapanga darubini zake kungoja fataki. Mwaka 2014 likapita, likabaki limeshikana. Fataki hazikuwepo. Miezi ya muda wa darubini iliyotumika haikupotea yote, lakini waliotangaza mapema walilazimika kueleza sana.

Picha ya Mei 2022 ilitoka kwenye data za Aprili 2017, zilizokusanywa na vituo vinane vya redio kutoka Hispania hadi Ncha ya Kusini, kwenye urefu wa wimbi wa milimita 1.3. Diski zenye data za Ncha ya Kusini zilibidi zisubiri majira ya baridi yaishe ndipo ndege izichukue. Pete iliyoonekana ina kipenyo cha sehemu 51.8 za milioni ya sekunde ya tao: kitumbua cha sentimita 10 kilichowekwa juu ya Mwezi. Jaribu kukisia mwenyewe kwa kutumia masi ya S2. Milioni 4.3 zinatoa shimo lenye nusu kipenyo cha kilomita milioni 12.7, kivuli chake, kwa hesabu ya Einstein, ni mara 5.2 ya hapo kwa kipenyo, na kwa pasaki 8,277 hiyo ni takriban sehemu 53 za milioni ya sekunde ya tao. Nyota iliyokuwa mbali mara 1,400 ya nusu kipenyo hicho na pete ya mlangoni kabisa zinatoa masi moja. Kwangu hapo ndipo penye uzito wa ushahidi wote. Lakini usiyahesabu madoa matatu angavu kwenye pete. Gesi ya Sagittarius A* hubadilika ndani ya dakika wakati upimaji unachukua saa nyingi, na timu yenyewe ilieleza kwamba mahali pa madoa hayo hapaaminiki. Sehemu ndogo ya picha walizozitengeneza hazikuwa na pete kabisa. Kipenyo kinaaminika. Madoa hayaaminiki.

Kamati ya Nobel mwaka 2020, ilipowapa Genzel na Ghez nusu ya tuzo na Roger Penrose nusu nyingine, iliandika kwamba wawili hao waligundua "kitu kizito mno kilichobanana". Haikuandika shimo jeusi. Kundi la nyota mfu lililobanwa ndani ya obiti ya S2 lingevunjika kwa muda mfupi mno ukilinganisha na umri wa galaksi, na dhana nyingine zilizobaki ni za vitu ambavyo havijawahi kuonekana popote.

S2 itarudi karibu na kitovu mwanzoni mwa Juni 2034, kipindi ambacho Kausi hubaki juu usiku kucha. Wanaotaka kuwa kwenye zamu hiyo wako sekondari sasa. Obiti zilizochapishwa ziko wazi kwa yeyote, na kompyuta ya kawaida inatosha kuziingiza, kuanzia nukta za mwaka 1992.